Bonde la paji linaweza kusubiri, maji ya puani hayawezi

"Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 24, naendesha bodaboda hapa Ujiji. Siku tisa zilizopita nilianguka njia ya Gungu, sikuwa nimevaa helmeti, paji la uso likagonga ukingo wa kalavati. Nilipoteza fahamu kidogo, sijui dakika ngapi. Nilishonwa nyuzi nne na kupigwa eksirei, nikaambiwa mfupa una ufa mdogo utaunga wenyewe. Sasa uvimbe umeisha, na juu ya nyusi ya kushoto kuna bonde, ncha ya kidole gumba inaingia. Kuanzia hapo hadi kwenye nywele pana ganzi. Mama mkubwa ananikanda kwa maji ya moto na kunifukiza, maana nina mafua mepesi ya upande mmoja, yanadondoka nikisujudu. Jamaa mmoja ameniambia Dar es Salaam wanapasua kichwa kutoka sikio hadi sikio. Lakini nimeona video ya upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, hauachi kovu. Nina harusi baada ya miezi mitatu. Naweza kufanyiwa huo? Na ni kweli zikipita wiki mbili bonde halitengenezeki tena?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Umeuliza kuhusu bonde, kovu na harusi, na yote nitayajibu. Lakini katikati ya maelezo yako kuna maneno umeyapitisha kama jambo dogo: mafua mepesi, ya upande mmoja, yanayodondoka ukisujudu. Nilipofika hapo niliacha kusoma nikarudi mwanzo. Kwa hiyo kabla ya mengine yote: acha kukandwa na kufukizwa leo hii, usipenge kamasi, na kesho asubuhi nenda Maweni, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Nitakueleza sababu taratibu, maana mtu akielewa kinachoendelea kichwani mwake hahitaji kusukumwa.

Watu wengi hudhani mfupa wa paji la uso ni pande moja gumu. Sivyo. Nyuma ya nyusi, ndani ya mfupa wenyewe, kuna vyumba viwili vya hewa, kimoja kila upande, ndivyo tunavyoviita sainasi za paji. Mtoto hazaliwi navyo vikiwa tayari. Huanza kuchimbika akiwa mdogo na kufikia ukubwa wake baada ya kubalehe. Wapo watu wazima wasio na kimoja, na wapo wasio navyo kabisa. Kila chumba kina ukuta wa mbele, huo unaougusa kwa kidole, na ukuta wa nyuma unaopakana na utando wa ubongo. Ukuta wa mbele ni mnene na mgumu, inahitajika nguvu ya mamia ya kilo kuuvunja. Wa nyuma ni mwembamba mno, mahali pengine haufiki hata milimita moja. Sakafuni kuna njia nyembamba inayoshuka hadi ndani ya pua, na humo ndimo ute unaotengenezwa na ngozi laini ya chumba hupita kila siku bila wewe kujua.

Basi pigo linaloweza kubonyeza ukuta wa mbele ni pigo kubwa, na nguvu yake haiishii pale. Inaweza kuendelea hadi ukuta wa nyuma, ikaupasua, na ule utando wa ubongo ukachanika pamoja nao. Hapo maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yanapata upenyo: yanaingia kwenye chumba cha hewa, yanafuata ile njia ya sakafuni, yanatokea puani. Mtu akiwa amesimama huenda asione kitu. Akiinama, yanadondoka. Sijda ni kuinama kuliko kukubwa kabisa anakofanya mtu mara kadhaa kwa siku, ndiyo maana umeyaona hapo.

Sijasema kwamba ndivyo ilivyo kwako kwa hakika; sijakuona. Nasema dalili zako zinafanana na hali hiyo kiasi kwamba haifai kulala nazo bila kupimwa. Mafua ya kawaida hushika pua zote mbili, ute wake hunata, na kitambaa kikikauka hukakamaa. Maji ya ubongo ni meupe kama ya kisimani, hutoka upande mmoja, hushuka ghafla ukiinama, na wengine husikia ladha ya chumvi kooni. Utasikia pia watu wakisema uyadondoshe kwenye kitambaa cheupe na utazame kama yanafanya duara kuzunguka damu. Usitegemee hilo, kwa sababu hata machozi na mate yakichanganyika na damu yanaweza kufanya duara. Kipimo cha uhakika ni cha maabara, kinachotafuta protini iitwayo beta-2 transferini, ambayo kwenye kamasi ya kawaida haipatikani. Yakidondoka yenyewe njiani, yapokee kwenye kichupa safi chenye kifuniko uende nacho.

Hofu ya wengi hapa ni kwamba maji ya ubongo yataisha. Hayaishi upesi hivyo. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku. Hatari yenyewe iko upande wa pili: mahali maji yanapotokea, vijidudu vinaweza kuingilia. Pua haikosi vijidudu, na upenyo ukiwa wazi vinaweza kufika kwenye utando wa ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Hiyo inaweza kumpata mtu siku chache baada ya ajali, na inaweza kumpata baada ya miezi, wakati ameshasahau kalavati lenyewe. Ukipata homa, kichwa kikali kisichotulia, shingo kukakamaa, mwanga kukuumiza macho, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa maneno, usingoje asubuhi. Nenda usiku huo huo, na mtu akusindikize.

Sasa unaona kwa nini nimekukataza kupenga. Ukipenga, unasukuma hewa yenye vijidudu kuelekea juu, na hewa yenyewe inaweza kuingia ndani ya fuvu. Mvuke wa kujifukiza haufungi upenyo huo, nawe unakuinamisha juu ya sufuria muda mrefu. Kukanda kwa nguvu mfupa uliovunjika kunaweza kusogeza vipande. Mama mkubwa anafanya kwa mapenzi, mweleze kwa upole kwamba safari hii msaada wake ni kukupikia chakula laini, papai na maji mengi, usipate choo kigumu, maana kujikamua chooni nako kunapandisha msukumo kichwani. Lala mgongo na kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Chafya ikija, ipige mdomo ukiwa wazi. Usinyanyue magunia, usipande pikipiki, na ziwani usiingie kuogelea wala kupiga mbizi. Usijinunulie antibayotiki duka la dawa. Kuzinywa kwa kubahatisha hakujathibitika kuzuia homa ya uti wa mgongo, na kunaweza kuficha dalili ambazo daktari anatakiwa kuziona. Akiona zinafaa, yeye ndiye atakuandikia.

Na swala? Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amekaa na kuashiria kwa kichwa, hilo unalijua. Itumie ruhusa hiyo. Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni udhu: kupandisha maji puani kunapeleka maji ya bomba au ya ziwa pale pale tusipotaka yafike. Kwa Shafii, ambao ndio wengi huku kwetu, kupandisha maji ni sunna, si faradhi. Muulize ustadh wako akutulize moyo, lakini usipandishe.

Habari njema ni kwamba uvujaji mwingi unaotokana na ajali hujifunga wenyewe katika wiki ya kwanza au zaidi kidogo, mgonjwa akipumzika vizuri. Wewe uko siku ya tisa na bado unadondoka, lakini siku hizo huenda umepenga, umefukizwa na umesujudu kama kawaida, kwa hiyo upenyo haujapata nafasi ya kujifunga. Mapumziko ya kweli, chini ya uangalizi wa hospitali, yanaweza kutosha. Yasipotosha, huzibwa kwa upasuaji.

Kuhusu ile eksirei: sitaki kuwalaumu waliokupiga, ndiyo mashine waliyokuwa nayo. Lakini eksirei ya kawaida hubana mifupa yote ya kichwa katika kivuli kimoja, na ukuta wa nyuma wa sainasi hauonekani humo vizuri. Unahitaji CT scan, yaani picha ya kompyuta inayoonyesha kichwa tabaka kwa tabaka, ya mifupa ya uso pamoja na ubongo, kila tabaka likiwa na unene wa milimita moja au pungufu. Hospitali za rufaa za mikoa zimekuwa zikifungiwa mashine hizi miaka ya karibuni, kwa hiyo anzia Maweni. Kwa kuwa ulipoteza fahamu, kipimo hicho ulikistahili tangu siku ya kwanza. Omba na macho yapimwe, maana paa la tundu la jicho ndilo sakafu ya sainasi hizi. Ukishapigwa CT scan, omba picha zenyewe kwenye CD na usiridhike na karatasi ya majibu peke yake. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo, au wa upasuaji wa ubongo, atataka kuona kwa macho yake mambo matatu: ukuta wa mbele umebonyea kiasi gani na umekatika vipande vingapi, ukuta wa nyuma umesogea au la, na ile njia ya kutoa ute iko wazi au imezibwa na vipande.

Majibu ya mambo hayo matatu ndiyo yanayochagua upasuaji. Video haichagui, na kovu pia halichagui.

Tuje sasa kwenye bonde lako. Uvimbe ulikuwa umelifukia, ndiyo maana uliliona baada ya wiki; halikuanza kutokea sasa. Halitajaa lenyewe, mfupa utaunga hapo hapo ulipo. Ganzi hiyo inatokana na mishipa ya fahamu inayopanda kutoka kwenye ukingo wa juu wa jicho. Kama imebanwa tu bila kukatika, hisia hurudi polepole kwa wiki au miezi.

Kama ukuta wa mbele peke yake ndio umevunjika na njia ya ute iko wazi, bonde ni suala la sura. Bonde la milimita chache mara nyingi tunaliacha, na mwenyewe hulizoea. Likiwa kubwa, zipo njia kadhaa, na hapa ndipo matundu madogo yanapoingia.

Ya kwanza ni kulinyanyua mapema, ndani ya siku kumi hadi kumi na nne, kabla vipande havijashikana. Huchanwa sehemu ndogo ndani ya mkunjo wa paji, au kwenye mkunjo wa kope ya juu, au nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Daktari anaweza kupenyeza skrubu kwenye kipande kilichobonyea na kukivuta kama mtu anayeinua bati lililobonyea, huku kamera nyembamba ikimwonyesha. Inafaa sana kwa kipande kimoja kikubwa. Vipande vikiwa vingi kama gae la chungu, ukivivuta vinaporomoka tena, kwa sababu hakuna kinachovishika.

Ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi, nayo ndiyo inayojibu hofu yako ya wiki mbili. Unaacha mfupa uunge. Unangoja miezi miwili hadi minne, uvimbe wote uishe, ngozi itulie. Ukijitazama kwenye kioo na bonde bado linakusumbua, unachanwa sentimita tatu hadi tano nyuma ya mstari wa nywele, ngozi inainuliwa juu ya mfupa kwa kamera, na bonde linafukiwa kwa kipande cha plastiki maalumu yenye vitundu au wavu wa titaniamu, kikakazwa kwa skrubu moja au mbili. Mfupa hausogezwi kabisa, unasawazishwa juu. Kwa hiyo si kweli kwamba siku ya kumi na nne ikipita umekosa kila kitu. Kinachopita ni nafasi ya kuunyanyua mfupa wenyewe kirahisi. Na nikuambie ukweli, njia hii ina uzuri ambao haumo kwenye video: inampa mtu muda, na wengi muda huo ukipita husema, daktari, liache lilivyo. Ubaya wake ni kwamba unabeba kitu kigeni mwilini, na kikipata usaha lazima kitolewe. Ndiyo maana haifanywi kabla ya kuhakikisha sainasi iliyo chini yake inatoa ute vizuri, na kama una uvujaji, haifanywi kabla uvujaji haujakwisha kabisa.

Ya tatu hupitia puani. Kamera inapanda, njia ya ute inapanuliwa, na wakati mwingine hata upenyo wa ukuta wa nyuma unazibwa kwa ngozi laini iliyochukuliwa ndani ya pua hiyo hiyo. Usoni hakuna kovu hata moja. Lakini pua inafika sehemu za chini na za katikati. Upenyo ukiwa mbali pembeni, juu ya jicho, chombo hakipindi kiasi hicho. Inahitaji pia daktari aliyefanya kazi hiyo mara nyingi pamoja na vifaa vyake. Daktari akikwambia hana uzoefu nayo, huyo ni mkweli, muamini.

Upasuaji wa sikio hadi sikio umesimuliwa vibaya. Anayechanwa kutoka sikio hadi sikio amechanwa ngozi ya kichwa, ikashushwa mbele kama kofia ili paji lote lionekane. Fuvu halifunguliwi kwa sababu hiyo tu. Ndiyo njia inayompa daktari nafasi ya kupanga vipande vingi na kuvishika kwa vibati vya titaniamu. Na kama ukuta wa nyuma umesagika, ndiyo njia ambayo daktari wa ubongo hupitia kuushona utando, kuuondoa ukuta huo na kukigeuza chumba cha hewa kuwa sehemu ya nafasi ya ubongo. Njia hiyo ya kuondoa ukuta ilielezwa mwaka 1978 na bado inaokoa watu. Gharama yake unaijua: kovu refu, damu zaidi, ganzi utosini, na mara chache udhaifu wa kunyanyua nyusi.

Hapa nina neno langu. Mara nyingi utasikia kwamba kovu la sikio hadi sikio hufichwa na nywele. Hiyo ni kweli kwa mtu anayefuga nywele. Vijana wetu wananyoa karibu na ngozi, na kovu hilo litaonekana kila Ijumaa ukitoka kinyozi. Halafu sisi wenye ngozi nyeusi tunapata zaidi makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda. Jitazame ulipochanjwa na pale uliposhonwa nyuzi nne. Uliza kama mama au ndugu zako wana makovu ya namna hiyo. Mwambie daktari kabla hajashika kisu, kwa maana hata kovu la sentimita tatu likivimba kwenye paji linaweza kukukera kuliko bonde. Na ahadi ya "hauachi kovu" usiichukue. Kisu kikipita kwenye ngozi kinaacha alama, tofauti ni ukubwa na mahali.

Kuna jambo jingine ambalo nisipolisema nitakuwa nimekudhulumu. Kipande cha ile ngozi laini ya ndani ya sainasi kikinasa kati ya mifupa, au njia ya ute ikiziba, ute unaendelea kutengenezwa bila pa kutokea. Unajikusanya polepole kuwa mfuko, na mfuko unakula mfupa. Wapo wanaokuja baada ya miaka kumi na zaidi jicho limesukumwa chini, wanaona vitu viwili viwili, na ajali wameshaisahau. Ukipata usaha, paji huvimba tepetepe. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliueleza uvimbe huo tangu karne ya 18. Kwa hiyo hata ukiachwa bila kisu, tunza zile picha, rudi kliniki kama utakavyopangiwa, na hata ukiwa na miaka arobaini mwambie kila daktari wa macho au wa pua kwamba paji lako liliwahi kuvunjika.

Ikionekana ukuta wa nyuma umesogea au maji yanaendelea kutoka, utapewa rufaa, na kwa kawaida ni hospitali ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako taasisi ya mifupa, MOI, ina madaktari wa ubongo. Mtu asikuambie ukate tiketi ya ndege kabla CT scan haijasomwa. Kama kuna hewa ndani ya fuvu, hutanuka ndege ikipanda, kwa hiyo daktari ndiye aseme usafiri upi unakufaa. Kwa kuwa ni ajali ya barabarani, kachukue fomu ya PF3 polisi, lakini usikubali kukaa nje ya hospitali ukiingoja. Ndugu anaweza kuifuatilia. Kama huna bima, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini mapema, siku ile ile unayofika, bila kungoja siku ya kuruhusiwa.

Nimebakiza harusi. Ukuta wa nyuma ukiwa salama na maji yakikauka, miezi mitatu inatosha kukurudisha kwenye shughuli zako, na bonde utakwenda nalo ukumbini. Kulifukia kabla ya hapo ni kuharakisha kitu kilichotaka kungojewa. Mwenzako aliyekubali posa ameshakuona ukiwa nalo; mkae pamoja baada ya harusi, mjitazame, kisha mwamue kama kisu kinahitajika. Kesho uende Maweni na kichupa chako na mtu wa kukusindikiza. Majibu ya CT scan yakitoka niandikie yalivyo, neno kwa neno, hasa yanayohusu ukuta wa nyuma, nami nitakusomea.